Kumwaga Oili ya Giaboksi ya Oto Mwenyewe Kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mtu anaponunua Spacio old, Carina, Mark II au RAV4 ya zamani, akagundua kwamba hakuna anayejua oili ya giaboksi ilimwagwa lini. Majibu yanahusu hasa Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu. Gari la kampuni nyingine likitofautiana, nimesema.

## Kabla ya kushika spana

Oili ya giaboksi ya oto ina tofauti gani na ya injini?

Oili ya injini inalainisha na kupoza. Ya giaboksi ya oto inafanya hayo na zaidi: ndiyo inayosukuma. Pampu inaipa presha, presha inabana pleti za klachi, gia inashika. Ndani ya torki konveta, lile pipa lililo kati ya injini na giaboksi, nguvu ya injini inapita kwenye oili yenyewe. Ndiyo maana madukani wengi huiita haidroliki, ingawa kwenye kopo utakuta ATF.

Kwa hiyo usiweke oili ya injini humo hata kwa dharura. Pleti za klachi zimetengenezwa zishike ndani ya oili yenye msuguano maalumu, na ya injini haina msuguano huo.

Niliambiwa oili hii haibadilishwi maisha yote ya gari. Ni kweli?

Maisha ya nani? Aliyeandika hivyo alimfikiria mnunuzi wa kwanza, atakayeliuza gari likiwa bado jipya. Wewe ni wa tatu au wa nne. Oili hii haiungui kama ya injini, yaani haikutani na moto wa mafuta, ila joto linaichosha na unga wa pleti unazidi kujikusanya ndani yake.

Nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Kwa matumizi yetu, kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kipimo kizuri. Kama gari linashinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, kila jioni, au linapanda mlima wa Kitonga limejaa watu na magunia, shika ile 40,000. Kinachoua giaboksi ya oto ni joto, na foleni na mlima vyote vinaleta joto.

Tatizo ni kwamba kilomita za dashibodi kwenye gari lililotoka Japani huwezi kuziapia. Angalia kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti: wakati mwingine kuna stika ndogo ya gereji ya kule, yenye kilomita na tarehe. Mwaka ukiwa umeandikwa kwa hesabu ya Heisei, jumlisha 1988. Heisei 20 ni 2008. Ukikuta stika inasema kilomita 118,000 na dashibodi inasoma 87,000, umeshapata jibu lako, na jingine ambalo hukuliuliza.

Nitajuaje kwamba imechoka?

Chomoa dipstiki ya giaboksi (kijiti cha kupimia oili), dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, subiri dakika chache. Tone jekundu au lenye wekundu wa kahawia likasambaa vizuri, iko salama. Likiwa la kahawia iliyoiva kama chai ya rangi, wakati umefika. Likiwa jeusi, na tope limebaki katikati huku pembeni pakiwa pakavu, umechelewa.

Kisha nusa. Oili iliyoungua ina harufu ya maharage yaliyoshika sufuria. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Ikiwa na rangi ya mtindi wa stroberi, acha kila kitu uende kwenye swali la pinki, sehemu ya mwisho.

Fundi kaniambia, "Bosi, hiyo ukiimwaga tu gari halitembei tena." Anasema kweli?

Hili ndilo swali linalowazuia watu wengi, na fundi hasemi uongo. Ameyaona kwa macho yake. Ila anachokisimulia ni nusu ya habari.

Gari ambalo oili yake haijawahi kuguswa lina pleti zilizolika, na unga wake unaelea ndani ya oili. Unga ule unasaidia pleti zilizobaki kushikana, kama mchanga unavyosaidia kiatu kwenye tope. Mwenye gari anakuja gerejini lini? Gia zikishaanza kuteleza. Oili inamwagwa, mpya isiyo na unga inaingia, na pleti zilizokuwa zinajikongoja zinaachia. Lawama inaenda kwa oili mpya, ilhali giaboksi ilishakufa, imechelewa tu kuzikwa.

Msimamo wangu ni huu. Gari linaingia gia vizuri na oili ni ya kahawia bila harufu ya kuungua: mwaga bila hofu, kidogo kidogo. Oili ni nyeusi lakini gia ziko sawa: mwaga mara moja tu, endesha wiki mbili tatu, ndipo uamue kurudia. Gari limeshaanza kuteleza na oili inanuka: usiweke matumaini kwenye kopo. Fedha hiyo ianzishe akiba ya giaboksi nyingine.

## Kuchagua oili

Ninunue ipi?

Ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au iliyochongwa kwenye dipstiki ya giaboksi. Ifute dipstiki vizuri uisome, mara nyingi jibu liko pale pale. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinataka Dexron II au III. Zilizofuata, kama IST na Spacio new, zinataka Type T-IV, na baadaye ikaja WS, iliyo nyepesi zaidi. Nissan za zamani zinasema Matic D, Mitsubishi SP-III. Honda ina yake, zamani Z-1 na sasa DW-1, na haipendi kuchanganyiwa na Dexron.

Jambo moja kuhusu Dexron III: General Motors, wenye jina hilo, waliacha kuidhinisha watengenezaji wake mwishoni mwa 2006, baada ya kuleta Dexron VI. Kopo linaloandikwa Dexron III leo linasimama kwa ahadi ya mtengenezaji peke yake. Si baya kwa hiyo tu, lakini nunua jina unaloliamini, kwenye duka linalotoa risiti, na ukague sili ya kifuniko.

Si zote ni nyekundu? Kuna ubaya gani nikichanganya?

Wekundu ni rangi iliyotiwa ili oili ikivuja ujue inatoka giaboksi na si injini. Haielezi chochote juu ya kilichomo. T-IV na Dexron zinafanana kama mapacha kwenye glasi, lakini zinashikisha pleti kwa namna tofauti, na utaliona hilo gari likianza kutetemeka linapobadilisha gia.

Gari langu ni CVT. Naweza kufuata maelezo haya?

Hapana. CVT, giaboksi ya oto isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda wa chuma na oili yake yenyewe, kama NS-2 kwa Nissan. Ukiweka ATF ya kawaida utaununua mkanda mpya.

Lita ngapi?

Kwa kumwaga mara moja Toyota ndogo inatoa takriban lita 3, zenye injini kubwa zaidi hufika 4 au kidogo zaidi. Nunua lita 4 uanze nazo. Kwa nini hazitoki zote, soma "Kumwaga mara moja kunatosha?"

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Jeki na stendi mbili imara, spana au soketi (Toyota nyingi za baadaye zinataka alenki namba 10 kwenye nati ya kumwagia), beseni pana, faneli yenye shingo nyembamba na ndefu, washa mpya (pete ya kuzibia) ya nati, tambara lisiloacha nyuzi. Ongeza chupa tupu za maji za lita moja na nusu. Hizo ndizo kipimo chako.

Faneli usiidharau. ATF inajazwa kupitia tundu lile lile la dipstiki, tundu dogo kama kidole, na faneli ya kujazia mafuta ya taa haiingii. Mimi nilitumia kipande cha mpira wa maji uliofungwa kwenye faneli kwa waya, na hadi leo ndicho nitumiacho.

Naweza kulala chini ya gari lililo juu ya jeki tu, kwa dakika kumi?

Usilale. Jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kushikilia. Tofali la saruji nalo usiliamini: halipindi likakuonya, linapasuka ghafla. Weka vizuizi nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, vuta hendibreki, kisha lisukume gari kwa mkono kabla hujaingia. Huna stendi? Tafuta gereji yenye shimo uwaombe nafasi kwa saa moja.

Nati ya kumwagia ni ipi?

Uliza swali hili mara mbili, kwa sababu ziko mbili na zinafanana. Niliwahi kupeleka gari gereji moja kumwaga oili ya injini. Kijana akaingia chini, akafungua, ikatoka nyekundu. Akatoka na tabasamu: "Oili yako bado safi sana, mzee." Akafunga, akajaza lita nne mpya juu ya injini. Nilifika kama mita mia mbili nje ya geti, nikakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele na gari likabaki palepale. Giaboksi ilikuwa haina oili, na dipstiki ya injini ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

Sampu (karai la oili) ya injini iko chini ya injini, karibu na filta ya oili. Ya giaboksi iko upande wa pili, pana na bapa, imezungukwa na boliti nyingi ndogo za namba 10. Ukiwa na shaka, dondosha matone machache tu, angalia rangi na unuse kabla hujaachia.

Nimwageje na nijazeje?

Endesha dakika chache oili ipate uvuguvugu. Ikiwa ya moto kabisa itakubabua mkono, ikiwa baridi itatoka kivivu na kuacha uchafu. Zima, inua, weka beseni, fungua nati. Iache idondoke kwa nusu saa hivi, wewe ukanywe chai.

Hatua inayofuata ndiyo watu wanairuka: mimina kilichotoka kwenye zile chupa ukipime. Kama ni chupa mbili kamili, ni lita 3. Rudisha nati na washa mpya, kaza hadi ishike na kidogo zaidi. Sampu ni laini, na uzi ukichanika hapo hesabu inabadilika. Shusha gari, jaza kiasi kile kile kilichotoka ukipunguza robo lita. Hiyo robo utaiongeza ukipima.

Angalizo: kama dipstiki ilikuwa chini ya alama kabla hujamwaga, kilichotoka si kipimo sahihi, na una mahali panapovuja pa kutafuta.

Lazima nifungue sampu na kubadilisha filta?

Kwenye Toyota nyingi za zamani hicho kinachoitwa filta ni wavu wa chuma, na hauzibi upesi kama filta ya karatasi. Kwa mara ya kwanza kwenye gari usilojua historia yake, ningefungua. Baadaye si lazima kila mara.

Boliti za sampu hukazwa kwa nguvu ndogo sana, kiasi cha Nm 5 hadi 7, yaani kwa vidole na kiwiko kilicholegea, si kwa bega. Kaza kwa kukingamisha, moja huku na nyingine ng'ambo. Kama gasiketi ni ya koki au ya karatasi, iweke kavu. Mafundi wengi hupaka silikoni nyekundu pande zote "kwa usalama", ikabanwa, vipande vikaingia ndani, na vinaishia kwenye wavu ule ule uliotoka kuuosha.

Nimekuta sumaku zenye tope la kijivu. Giaboksi imekwisha?

La. Tope laini kama majivu mabichi ni kulika kwa kawaida. Lifute, osha sumaku, irudishe mahali pake. Kinachotisha ni vipande unavyoweza kuvihesabu: vibanzi vya chuma vinavyokwaruza kidole, au chenga za rangi ya shaba. Ukivikuta, funga, jaza, na anza kuulizia bei ya giaboksi.

Napimaje kiwango kwa usahihi?

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu. Kwenye Toyota: endesha dakika 15 hadi 20 oili ifike nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Simama mahali tambarare, injini ikiunguruma. Kanyaga breki, pitisha lever kila gia polepole kutoka P hadi L, rudi P. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za kukuongoza wakati wa kujaza tu.

Soma pande zote mbili za dipstiki na uamini iliyo chini zaidi, kwa kuwa oili iliyobaki kwenye kuta za bomba huupaka upande mmoja. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo. Kutoka alama ya chini hadi ya juu si kiasi kikubwa.

Honda inapimwa injini ikiwa imezimwa, mara tu baada ya kuizima. Mitsubishi nyingi za zamani zinapimwa zikiwa N. Anayepima Honda kama Toyota huishia kujaza kupita kiasi.

Kumwaga mara moja kunatosha?

Kunasaidia, hakumalizi. Oili nyingi hubaki kwenye konveta na kwenye mabomba ya kupozea. Chukua giaboksi inayobeba lita 7.5 na inayotoa 3: mara ya kwanza unakuwa na asilimia 40 ya oili mpya. Ukiendesha ikachanganyika na kumwaga tena, unafika 64. Mara ya tatu, 78. Ya nne inakuongezea kidogo kwa gharama ile ile, kwa hiyo mimi huishia tatu, nikiachanisha kwa wiki mbili hivi. Kwa gari la zamani upole huu ni faida.

Si bora nipeleke kwenye mashine wakaitoa yote mara moja?

Kwa gari lililotunzwa, mashine ni sawa. Kwa gari lisilo na historia, sipendi. Oili yote inabadilika kwa saa moja, na uchafu uliokuwa umetulia unaweza kusukumwa kwenye vijia vyembamba vya valvu. Hofu ya fundi wa swali la tano inaanzia hapa.

## Mambo yakienda kombo, na magari yenye mambo yao

Nimezidisha. Naweza kuendesha hivyo hivyo?

Ikizidi kidogo sana haitadhuru. Ikipita alama ya juu waziwazi, gia zinazozunguka zinaikoroga kama mwiko, inatoa povu, na povu halina presha. Fungua nati kwa uangalifu upunguze, au ivute kwa bomba la sindano kubwa na mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki.

Baada ya kumwaga gari linachelewa kushika D. Nimeua giaboksi?

Pima kwanza, kama ilivyoelezwa juu. Mara nyingi iko chini, pampu inavuta hewa, na utasikia mvumo mwembamba unaopanda na injini. Kiwango kikiwa sahihi na oili ni ya aina yake, ipe siku chache. Ikiendelea kuteleza, soma tena jibu la fundi na ile nusu ya habari.

Oili imetoka ya pinki, nzito kama mtindi. Ni nini?

Maji. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na maji ya injini. Bomba hilo likitoboka, maji na oili vinakutana. Usiendeshe hata hadi gereji ya jirani, livute gari. Maji hubandua bitana za pleti, na kumwaga oili bila kubadilisha rejeta ni kuchota maji kwa pakacha. Anayejaza rejeta maji ya bomba miaka nenda rudi ndiye hufikwa zaidi, kwani kutu hula bomba hilo taratibu.

Nimesikia difu ina oili yake. Ni kwenye magari gani?

Kwenye baadhi ya Toyota za zamani za kuvuta mbele, kama zenye giaboksi A131L ya gia tatu au A140E ya Camry, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ina chumba chake kinachomwagwa na kujazwa peke yake, ingawa kwa ATF ile ile. Ukikimwaga ukasahau kukijaza, giaboksi itakuwa na oili mpya na difu kavu. Herufi za giaboksi yako ziko kwenye kibao cha chuma cha gari, mstari wa TRANS/AXLE. Subaru nyingi za oto za zamani zina difu ya mbele yenye oili nzito ya gia na dipstiki yake yenyewe. Usijaze ATF humo.

Gari langu halina dipstiki ya giaboksi.

Basi linapimwa kutoka chini, kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto maalumu linalosomwa kwa mashine. Toyota nyingi za WS ziko hivyo. Kama huna kifaa cha kusoma joto, mpe fundi mwenye nacho, halafu usimame pale uangalie.

Nusu lita imebaki. Naweza kuiweka kwenye pawa steringi? Na kwenye breki?

Pawa steringi za Toyota za zamani hutumia Dexron, soma kifuniko chake. Kwenye breki, kamwe: ATF huvimbisha mipira ya breki, na siku pedali itakapozama hutakuwa na muda wa kukumbuka ulikosea wapi.

Ile chafu niipeleke wapi?

Irudishe kwenye zile chupa, funga, andika "oili chafu" kwa maka pen. Chupa ya maji yenye kitu chekundu ndani, nyumbani kwenye watoto, inafanana mno na juisi ya rozela. Gereji kubwa huwa na pipa la oili chafu linalochukuliwa na wanunuzi wake, nazo hupokea bila maneno. Usiimwage kwenye mtaro. Jirani akiiomba ya kupaka mbao dhidi ya mchwa, mwambie asiipake karibu na kisima wala bustani ya mchicha.